Skafu ya Njano Pell Creek

Baridi ya Januari ilikuwa imewasukuma wote ndani ya sheli ya Pell Creek, kule Ohio, na hita iliwaka mpaka vioo vikatoa jasho. Hata hivyo Verlene Tackett alikaa kwenye kiti chake cha kila asubuhi akiwa amefunga zipu ya koti hadi kidevuni. Kijiweni wanamwita Kengele, maana hakuna mechi ya shule inayopita bila yeye kuitikisa kengele yake ya ng'ombe jukwaani mpaka refa anaomba poo.

Ndani ya koti lile mlikuwa na kitu, na kabla kahawa haijaisha ilimpasa akionyeshe. Alimwahidi mjukuu wake, Tansy, kwamba habari hii wazee wataisikia kwake kwanza.

"Sikieni hii," alisema Orville, ambaye kwa kupenda kuwasomea wenzake habari za simuni wamemwita Gazeti. "Jana mbele ya mahakama waliadhimisha ile Wiki ya Kuchagua Shule. Watoto wamecheza dansi, wazazi wamehutubiwa, na kila aliyefika kapewa skafu ya njano bure."

"Ya rangi gani?" Nguzo aliuliza.

"Njano."

Nguzo aliisukuma donati yake pembeni. Jina lake ni Harlan Skaggs, na aliwahi kuwa nguzo ya timu ya shule enzi hizo kichwani ana nywele. Jaketi la timu bado analivaa, ingawa pande mbili za zipu hazijaonana miaka mingi.

"Njano? Ndani ya Pell Creek? Rangi ya wapinzani wetu, Dorsett?"

"Ni rangi ya kampeni, bwana. Nchi nzima wanavaa hiyo hiyo."

"Nchi nzima haikufungwa na Dorsett nyumbani kwake!"

Tangu kipigo kile Nguzo hajaonja haradali. Ndizi anaimenya kafumba macho.

"Na basi la shule je?" Marva aliuliza kutoka kaunta, anakouza kahawa. "Si la njano lile?"

"Lile la serikali. Serikali haina timu."

"Lakini jambo lenyewe ni zuri," Gazeti aliendelea. "Mzazi anachagua. Shule ya serikali, ya kanisa, kumfundishia mtoto nyumbani, hata kumpeleka wilaya ya jirani kama kuna nafasi."

"Anachagua nini, we Gazeti?" Nguzo alimkatiza. " Mji huu una shule moja, taa moja ya barabarani, na mwanamke mmoja aliyekubali kuolewa na mimi. Unadhani nilichagua? Nilishukuru!"

"Na yeye alichagua?" Marva alidakia.

"Yeye siku ile alikuwa na homa."

Meza ikacheka. Verlene naye akacheka kidogo, huku jasho likimshuka mgongoni.

"Ila hiyo wilaya ya jirani," Gazeti alisema taratibu, "ndiyo Dorsett."

Kicheko kikakatika. Nguzo aliweka mikono yote miwili mezani, na safari hii hakutania.

"Nisikilize. Mtoto akiondoka, fungu lake la serikali linamfuata. Wakiondoka wengi, shule yetu inafungwa na tunaunganishwa na hao hao. Hapo mji utabaki na nini? Sheli na makaburi."

Verlene alijua kwamba hapo jamaa kasema kweli, na ndiyo maana zipu ilimwia nzito.

"Kengele, mbona umenuna?" Nguzo alimgeukia. "Na koti hilo vipi, dada? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi lifungue upumue, utatuyeyukia hapa."

Akalifungua, na skafu ya njano ikachomoza shingoni.

Nguzo alisimama ghafla, kahawa ikamwagika hadi kwenye simu ya Gazeti. "Kengele! Nani kakufanyia hivi?"

"Tansy. Kanifunga shingoni mwenyewe jana, pale mahakamani. Mwezi wa nane anahamia Dorsett."

"Tansy? Huyu niliyekuwa namkalisha begani aone mechi?"

"Huyo huyo."

"Kuna mvulana kule?"

"Kuna bendi."

"Bendi ndiyo nini?"

"Ndiyo ile iliyofutwa hapa mwaka ule ule tuliponunua taa mpya za uwanja," Verlene alisema. "Sasa niambie, nani alizunguka nyumba hadi nyumba kudai taa?"

Macho yote yakaliangukia jaketi.

"Taa nzuri zile!" Nguzo alijitetea.

"Nzuri sana. Zinamulika hadi jikoni kwangu. Ndizo zinazonionyesha mtoto anavyolifuta vumbi tarumbeta lake la besi, halafu analirudisha chini ya kitanda."

"Si apigie nyumbani?"

"Anapiga. Ng'ombe wa jirani wamehamia upande wa pili wa shamba. Na wao wamechagua."

Gazeti alikuwa akiikausha simu kwa mkono wa shati. "Lakini basi la Dorsett halifiki huku, Kengele."

"Nitamwendesha mimi, asubuhi na jioni. Daraja ligande barafu, lisigande."

"Unaona, Gazeti?" Marva alisema. "Hilo kwenye hotuba zao hawakuligusa. Kuchagua ni kwa mwenye gari na nafasi asubuhi. Mimi saa hizo nawachemshia nyie kahawa." Kisha akainama juu ya kaunta na kushusha sauti. "Kengele shoga yangu, kiti cha nyuma kina mtu?"

"Hakina."

"Mwanangu anapenda kuchora. Nasikia kule wana mwalimu."

"Marva! Hata wewe?"

"Nimeulizia kiti tu, Nguzo. Kunywa kahawa yako."

Nguzo alikaa. Akashusha pumzi ndefu. "Kengele, nakuomba kistaarabu. Vua hicho kitu, iombe radhi meza hii, tusahau."

"Sema tu yaishe," Gazeti aliongeza. "Kiti chako kipo pale pale."

Verlene alipapasa ukingo wa kiti alichokalia. Tangu amzike mumewe, asubuhi zake zote zilianzia pale, na hawa wawili ndio huja kumwondolea theluji mlangoni bila kuitwa. Ingekuwa rahisi mno kusema neno la radhi. Badala yake alikaza fundo la skafu.

"Mwaka huu Dorsett wanacheza kwetu, si ndiyo?"

"Oktoba," Nguzo alijibu kwa uchungu.

"Basi wakati wa mapumziko bendi yao itaingia uwanjani, na Tansy yumo katikati, kabeba tarumbeta lenye tumbo kubwa kuliko lako. Hapo ndipo utajua zile taa ulimtafutia nani."

Nguzo alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo kama si yake. "Na kengele utaipigia upande gani?"

"Timu ikicheza, upande wenu. Bendi ikiingia, upande wangu."

"Huo ni usaliti! Omba radhi, Kengele!"

Verlene aliivuta ile donati iliyosukumwa pembeni, akaing'ata katikati, akaitafuna bila haraka.

"Siombi. Leo siombi, Oktoba siombi, na hii donati yako nayo siiombei radhi."