Vita vya Bwana Futi na Kiu ya Mbuni

Njooni, enyi mliokwisha kula nanyi mnaosubiri chungu kiive. Sogezeni viti, tulizeni watoto, zimeni redio, kwa maana habari niliyoibeba si habari ya mtu kwenda dukani akarudi. Ni habari ya Bwana Futi, mpima ardhi, mnyoosha mipaka, mwenye penseli sikioni kama mkuki wa jemadari, aliyepata kusimama katikati ya majirani wenye mapanga akawatenganisha kwa futi kamba peke yake. Na ni habari ya Mbuni, pikipiki yake ndogo ya miguu mirefu, mwenye tairi za meno na madigadi iliyoinuka mbele kama pua ya mwenye maringo, mpanda vilima, mvuka matope, ambaye magari makubwa yalimwona akipita mahali yalipokwama yakaona haya.

Katika siku za amani Mbuni alikuwa na sifa moja iliyompendeza bwana wake kuliko zote: hakuwa mlevi. Lita moja ya petroli ilimfikisha kilomita arobaini, akaomba na njia iongezwe. Bwana Futi aliyaandika hayo katika daftari lake, kwa kuwa alipima kila kitu kilichokubali kupimwa. Hata siku ya harusi yake, wasema waliokuwepo, alionekana akihesabu kwa midomo hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha bibi harusi.

Kisha balaa likabisha hodi. Arobaini ikawa thelathini na tano. Thelathini na tano ikawa thelathini. Na Jumatano moja, Bwana Futi akiwa njiani kwenda kuamua ugomvi wa majirani wawili waliogombea ukanda wa ardhi wenye upana wa kiganja, Mbuni alikohoa mara mbili, akatikisika, akazimika katikati ya mwinuko, tangi likiwa kavu. Kilomita ishirini na sita kwa lita! Shujaa alimsukuma mnyama wake kilomita tatu kwenye jua, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, na wale mahasimu wawili walipomwona kwa mbali walishuka wakasukuma naye, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakasahau kugombana kwa muda wa robo saa nzima.

Ndipo shaka, adui asiyekuja na ngoma, ikamwingia Bwana Futi rohoni.

Maana nyumbani kwake alikuwa amefika mgeni, shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpakaji rangi kwa kazi yake, mtu wa kicheko kirefu na miguu mirefu zaidi, aliyepewa chumba cha nyuma mpaka apate pa kupanga. Na kiu ya Mbuni, Bwana Futi alipolipekua daftari, ilianza wiki ileile aliyofika shemeji. Tena shemeji alinuka. Kila jioni alinuka kitu kikali kinachofanana na petroli, naye alisema ni dawa ya kusafishia brashi. "Dawa ya brashi," alijisemea Bwana Futi akijigeuza kitandani. "Dawa ya brashi, eti."

Mpima ardhi hasemi kabla hajapima. Alhamisi jioni alichovya kijiti kikavu ndani ya tangi, akatia alama ya penseli pale petroli ilipokomea. Kisha akavuta uzi mweupe mwembamba, ule wa kunyooshea mipaka, akaupitisha juu ya mfuniko wa tangi na kuufunga pande zote mbili, ili mkono wowote wa haramu uukate.

Ijumaa kulipopambazuka aliteremka uani kwa hatua za mtu anayekwenda kukagua ngome. Akainama. Uzi haukukatika. Akachovya kijiti: petroli ilikuwa palepale penye alama, haikupungua hata unywele. Kifua cha Bwana Futi kikafunguka, maana shemeji hakuwa mwizi, na hakuna mtu anayependa mwizi wake awe ndugu wa mkewe. Akaanza kuufungua uzi upesi, apoteze ushahidi wa aibu yake.

"Uzi huo wa nini?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya uuguzi, ametoka zamu. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na mtu aliyezoea kumeza vilio vya watoto arobaini hadanganyiki na mume mmoja.

"Nilikuwa... napima," alisema Bwana Futi.

"Unapima nini kwenye mfuniko wa tangi, mume wangu?"

"Uthabiti."

"Uthabiti wa nani?"

Nyuma yake, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amesimama shemeji. Akautazama uzi, akakitazama kijiti, akamtazama Bwana Futi. Na kile kicheko chake kirefu hakikutoka. "Sawa, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuelewa. Kesho nitaondoka. Kuna mwenzangu wa kazini ana nafasi."

"Shemeji, uzi haukukatika! Ndiyo maana nilikuwa naufungua!"

"Haukukatika, ndiyo. Lakini uliufunga."

Akarudi chumbani. Enyi wasikilizaji, mapanga Bwana Futi aliyaona mengi, lakini jibu lile lilimpata mahali ambapo mapanga hayafiki. Mkewe hakumkaripia. Alivua viatu tu, akasema, "Ukimaliza kupima, utaniambia nyumba yangu imebaki na upana gani," akaenda kulala.

Siku hiyo hiyo shujaa alikwenda kumwona Mama Plagi, fundi wa pikipiki, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye vijana wa karakana zote humwendea wakishindwa. Alimkuta amelala chini ya trekta, miguu tu ikionekana, naye akaiambia ile miguu shida yake yote: kilomita, lita, mwinuko, na hata habari ya uzi, kwa sababu uchungu ukizidi mtu huiambia hata miguu.

"Fungua plagi uniletee," ilisema sauti chini ya trekta.

Akafungua, akaleta. Mkono mweusi ukatoka, ukaichukua, ukapotea. Kisha: "Mwanangu, plagi hii nyeusi kama sufuria ya kuni. Pikipiki yako haiibiwi. Inanyweshwa. Petroli inaingia nyingi, hewa kidogo. Kaoshe chujio la hewa. Ikiwa bado, basi kuna kitu kinaishika pua na kuimiminia mdomoni. Kitafute."

"Kitu gani, mama?"

"Ningekijua ningekuambia. Mimi nina trekta juu ya kifua."

Jumamosi asubuhi Bwana Futi aliingia vitani. Alivaa suruali yake ya zamani yenye viraka magotini, akapanga uani spana zake kwa ukubwa, bisibisi kushoto, ndoo ya sabuni kulia. Alilitoa chujio la hewa, na lo! Lilibeba vumbi la wilaya tatu. Alilikung'uta, akaliosha, maji yakatoka rangi ya chai ya maziwa. Akalianika, likakauka, akalirudisha. Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa kidole, asikie kama breki inalibana. Likazunguka likiimba, halina kosa. Alipima upepo wa tairi zote mbili. Upepo ulikuwa sawasawa. Alikagua mnyororo, nao ulilegea kadiri ya desturi. Akasafisha plagi, akawasha injini, akaiacha ingurume kwa dakika tano, akaifungua plagi tena akiishika kwa kitambaa, kwa kuwa ilimchoma.

Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Bwana Futi akakaa chini kwenye saruji. Ndani alisikia zipu ya begi ikivutwa, na kila jino la zipu ile lilimuuma. Mwenzake shemeji angefika kumchukua saa sita. Ilikuwa saa tano na robo.

Ndipo shujaa alipotenda jambo lililo gumu kuliko kupima mlima: alikwenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akabisha. "Shemeji," alisema, "najua sina haki ya kukuomba hata maji. Lakini nina mikono miwili tu, na kazi hii inataka minne. Nishikie usukani kidogo, kisha uondoke kwa heshima zako zote."

Shemeji akafungua mlango, begi mkononi. Akaliweka begi chini. "Kidogo tu," alisema.

Mbuni akawashwa. Shemeji akaushika usukani, Bwana Futi akapiga goti na kutega sikio kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. "Geuza kulia," aliamuru. Injini ikanguruma taratibu. "Sasa kushoto."

Injini ikapandisha sauti. Vuuuu!

Bwana Futi akainua kichwa.

"Umezungusha mshiko wa mafuta?" aliuliza Bwana Futi.

"Mikono yangu hii hapa, shemeji. Au nayo uifunge uzi?"

"Rudisha kulia." Ikatulia. "Kushoto." Ikapanda. Bwana Futi akainuka, akaufuata kwa kidole waya wa choki, ile choki inayovutwa asubuhi injini ikiwa baridi, inyweshwe petroli nyingi ipate kuamka, kisha hurudishwa. Waya ulitoka kwenye usukani, ukapita chini ya kikinga cha mkono, kile cha plastiki nyeusi cha kukinga matawi. Na hapo, chini ya kishikizo cha kikinga, ulikuwa umebanwa na kukunjwa kama shingo ya kuku. Choki haikurudi kamwe. Ilikuwa imevutika nusu, mchana kutwa, na kila kona ya kushoto ikavutika zaidi. Mnyama wa watu alinyweshwa uji wa mgonjwa kila siku, naye hana homa!

"Kikinga hiki alikifunga nani?" aliuliza shemeji.

Hata injini ilionekana kusubiri jibu.

"Mimi," alisema Bwana Futi.

"Lini?"

"Jumapili ile." Akaokota spana. "Wewe ulifika Jumatatu."

Akasimama wima, spana mkononi, akatoa hotuba ambayo jirani aliyekuwa akianika nguo aliisikia neno kwa neno. "Shemeji! Mimi, mpima mipaka ya watu, nimeuvuka mpaka wangu. Niliitazama kalenda nikakuona wewe. Sikujiona mimi niliyetangulia kwa siku moja na bisibisi. Nimekunusa kama mbwa, nimekufungia uzi kama mwizi. Nisamehe. Na kama hutanisamehe, nilaumu kwa sauti kubwa, dada yako asikie, kwa maana anayo haki."

"Nasikia," alisema mkewe kutoka dirishani.

Shemeji alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi. "Uthabiti!" alilia akijishika mbavu. "Unapima uthabiti! Dada, mumeo huyu umempata wapi?" Na mkewe dirishani akaufunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Basi boliti mbili zikalegezwa. Waya ukatolewa chini ya kishikizo, ukapitishwa juu yake, upana wa vidole viwili, zaidi ya hapo hakuna. Boliti zikakazwa. Usukani ukageuzwa kulia, kushoto, kulia. Mbuni akanguruma kwa sauti moja tu, ya chini na tulivu, kama mtu mzima aliyemaliza kula. Mwenzake shemeji alipofika saa sita alipewa soda na kuambiwa hakuna safari.

Lakini ushindi usiopimwa ni uvumi. Mashujaa wawili walipakizana juu ya Mbuni, wakajaza tangi kwenye kituo cha petroli mpaka mdomoni, wakaenda hadi daraja la mawe na kurudi, kilomita themanini na mbili, shemeji akiimba nyuma kwa sauti ya kuharibu masikio ya ng'ombe. Wakarudi kwenye pampu ileile. Bwana Futi alishuka, akavua helmeti, akaufungua mfuniko.

"Jaza," alimwambia mhudumu. "Polepole, dada yangu. Polepole kama unamnywesha mtoto mchanga dawa."

Pampu ikahesabu. Lita moja. Moja na nusu. Mbili. Petroli ikang'aa mdomoni mwa tangi, mhudumu akaachia.

"Lita mbili tu, baba. Mmetoka wapi, hapo nyuma?"

Midomo ya Bwana Futi ikachezacheza ikigawa. "Arobaini na moja," alinong'ona. Ilipita hata siku za amani kwa kilomita nzima, thawabu ya kuoga kwa chujio.

"Arobaini na moja!" alipaza shemeji, akampandisha mkono juu kama bondia. "Wananchi! Arobaini na moja!"

Foleni nyuma yao ilikuwa ya magari sita na mkokoteni. Watu hawakujua ni nini, ila kupiga makofi hakuna ushuru, wakapiga. Dereva mmoja wa lori akatoa kichwa nje, akamtazama shujaa mwenye masizi puani na viraka magotini.

"Arobaini na moja?" alisema. "Hongera, mzee! Mimi nilidhani umefika hamsini!"

Na waandike wenye kuandika, wawasomee wasiokuwepo: kwamba Jumamosi ile, saa tisa kasoro dakika kumi mchana, mbele ya magari sita na mkokoteni, kiu kuu ya Mbuni ilivunjwa nguvu, kwamba hapakumwagika damu, ila petroli matone mawili, nayo yalifutwa kwa kitambaa, na kwamba Bwana Futi, mnyoosha mipaka, alipanda tena kitini, akasogea mbele kidogo, akamwachia shemeji yake nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji, wakaenda nyumbani.