Mungu Apewe Nafasi ya Kujibu

Jumatatu, 2 Aprili 1973

Daktari amesema moyo wangu umevimba. Nisibebe ndoo, nisitembee juani, nisikasirike. Nikamwuliza kuhusu kuandika. Akasema kuandika hakuna madhara. Hanijui.

Kutoka hospitali nimepita moja kwa moja kwenye ubao wa habari, ule ulio kwenye ukuta wa duka la ushirika hapa Ngokolo. Ubao huo ni wangu tangu nilipostaafu ualimu. Wanafunzi wa elimu ya watu wazima hujifunzia kusoma hapo. Tarehe 15 ni Jumapili ya Matawi, na siku hiyo hiyo ni Maulidi. Maandamano mawili, barabara moja! Wiki ya tatu sasa wakubwa wa pande zote mbili wanagombea nani apite kwanza. Nimechukua chaki. Nimeandika:

TANGAZO. Jumapili tarehe 15 Mungu ataitwa kutoka ncha zote mbili za barabara hii kwa wakati mmoja. Waumini wanaombwa wanyamaze kidogo katikati, ili naye apate nafasi ya kujibu.

Wanawake waliokuwa wakisubiri duka lifunguliwe walisoma silabi kwa silabi, kisha wakacheka. Miaka thelathini na nne ya ualimu, sijapata darasa zuri kama lile.

Jumanne, 3 Aprili

Balaa!

Amekuja Makoye, katekista wetu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika kalamu. Nyuma yake Akida, fundi cherehani, Mzaramo, katibu wa kamati ya Maulidi. Watu hawa hawajasalimiana tangu ugomvi wa barabara uanze. Leo wameketi benchi moja sebuleni kwangu. Makoye alisema nimelidhihaki Kanisa. Akida akasema na Maulidi. Makoye akasema na Mungu mwenyewe. Akida akasema hasa huyo. Nimewapatanisha, na hakuna aliyenishukuru.

Sharti la Makoye: nifute maneno yale kwa mkono wangu, hadharani, na Jumapili nisimame kanisani niombe radhi. Nisipofanya, hatampelekea padri jina langu. Nikifa, hakuna kengele wala sala. Na ile nafasi kwenye makaburi ya misheni, kando ya marehemu mke wangu Scolastika, atapewa mwingine.

Nikasimama. Nikawaambia neno likiudhi dawa yake ni neno jingine, si kitambaa cha kufutia. Nikasema Mungu aliyeumba radi hawezi kuumizwa na chaki. Nikasema uhuru wa kusema ni mkubwa kuliko kaburi la mtu yeyote! Nilisema vizuri sana. Binti yangu Justa alikuwa akilia jikoni, hivyo alikosa sehemu kubwa.

Nakiri, maana mtu wa kufa kesho kutwa hana sababu ya kulidanganya daftari lake. Walipoondoka nilikwenda kukaa kitandani. Nafasi ile naitaka. Scolastika amelala pale peke yake miaka sita.

Nakiri la pili. Sikuandika kwa ajili ya uhuru. Mwaka jana niligombea uenyekiti wa halmashauri ya kigango chetu cha kanisa, nikapata kura tatu. Makoye ndiye aliyetangaza matokeo, na alitangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 5 Aprili

Nimepata njia! Utani!

Akida ni Mzaramo, mimi Msukuma. Babu zetu walitaniana tangu enzi za kubeba mizigo kwenda pwani. Mtani akikutukania ukoo wako msibani, unamkaribisha chakula. Kukasirika ni aibu. Nikamwita. Nikamweleza kwamba siku ya Jumatatu sikuandika kama mkosaji, niliandika kama mtani wake.

Akacheka, futi ya kupimia ikiwa shingoni, mpaka akashika ukuta. Akaniita mtani, mzee mla michembe ya viazi, nyoka wa Shinyanga. Akasema kesi upande wao imekwisha, atawaeleza wazee wa msikiti mwenyewe. Akaongeza kwamba utani ni njia ya kwenda na kurudi. Nikasema ndiyo, ndiyo. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nimeanza kumfikiria Makoye.

Jumamosi, 7 Aprili

Makoye ni Msukuma mwenzangu, kwa hiyo utani wa makabila haumfai. Lakini upo utani wa binamu! Nimetumia usiku kucha na asubuhi kuchora ukoo wetu kwenye karatasi nne zilizogundishwa kwa uji. Mama yake ametoka Usiha, na babu yangu mmoja alioa Usiha. Kwa hesabu yangu, yeye ni mtoto wa shangazi. Mtu humtania mtoto wa shangazi mpaka achoke.

Nikamwita. Akaingia, akanisalimu mwangaluka, nikamtandikia karatasi. Aliisoma kwa makini, kidole kikifuata mistari, kama nilivyomfundisha. Kisha akaomba penseli. Akachora mstari mmoja tu, upande wa marehemu Scolastika, ambao mimi niliuacha kwa kukosa nafasi. Baba yake Scolastika na Makoye ni watoto wa ukoo mmoja, kizazi kimoja. Kwa hiyo Scolastika alikuwa mwanawe kwa ukoo. Kwa hiyo yeye ni baba mkwe wangu.

Baba mkwe! Nina miaka sabini na moja, yeye arobaini na miwili. Mkwe hataniwi. Mkwe ukikutana naye njiani unampisha. Alisimama, akakunja karatasi zangu, akasema kosa sasa ni mara mbili, na kwamba kuanzia leo hatakataa nikimwamkia shikamoo.

Ameondoka na penseli yangu.

Jumatatu, 9 Aprili

Jana sikwenda kuomba radhi. Msimamo ni msimamo. Justa anasema Makoye alitangaza kanisani kwamba nafasi ya misheni iko wazi mpaka Pasaka, ajitokeze mwenye haja. Mzee Bujiku ameshaulizia. Hata kikohozi hana!

Lakini hayo si kitu. Akida ameandika kwenye ubao wangu! Chini kabisa ya tangazo langu, kwa herufi za fundi nguo:

Mtani wangu Mwalimu Kalisti anatetea uhuru wa kusema. Marehemu mkewe aliutafuta nyumbani mwake miaka thelathini na moja.

Mji mzima umesoma. Hata wale ambao juzi walikuwa bado kwenye irabu.

Nimemwita Bi Chausiku, balozi wetu wa nyumba kumi. Nikamwambia yafutwe leo leo. Haya si maneno, ni uchafu! Anamtukana marehemu. Marehemu alifunga ndoa kanisani. Kwa hiyo anaitukana ndoa takatifu, na kwa hiyo anaitukana dini. Kuna mambo mtu haruhusiwi kuyagusa, nikasema, na serikali ipo kwa kazi hiyo.

Bi Chausiku alirekebisha ushungi wake. Akauliza kama ni uongo.

Nikamwambia hilo si swali la balozi.

Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa jirani yenu. Mama Justa alikuwa akija kwangu kuongea. Hata habari za kuku wenu alikuwa anakuja kusimulia kwangu."

Nakiri, humu tu. Si uongo. Alikuwa akianza neno, mimi namalizia. Nilidhani namsaidia. Sikumbuki hata sentensi yake moja nzima, ila ya mwisho pale hospitali, aliposema amechoka, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kununua chai.

Sasa mambo yangu ya ndani yako ukutani pa duka! Moyo unagonga. Daktari asijue.

Jumanne, 10 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Fimbo mkono wa kulia, kitambaa cha maji mkono wa kushoto. Wanawake walikuwa wamejaa pale wakisubiri duka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, si wewe uliyesema dawa ya neno ni neno jingine?" Nikamwambia akasome kwa utulivu. Nikamfuta Akida. Nilimfuta kwa nguvu zote nilizobakiza duniani. Kizunguzungu kikanishika, nikauegemea ubao kwa kifua na mikono yote miwili, nikateleza taratibu mpaka chini. Nilipofumbua macho ubao ulikuwa mweupe kila mahali, na shati langu limebeba tangazo langu lote.

Aliyeniinua ni Makoye. Alikuwa akipita na baiskeli. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akawaambia wanawake waone jinsi mwalimu alivyofuta kwa mkono wake, hadharani, na hata kupiga magoti! Akasema katika utumishi wake wote hajaona toba kama ile.

Nilifungua mdomo nimkosoe. Nikamkumbuka Mzee Bujiku. Nikaufunga.

Nikasema, "Shikamoo, baba mkwe."

Akaitikia marahaba bila hata kuona haya.

Jumapili, 15 Aprili

Maandamano yote mawili yamepita salama, moja asubuhi, jingine alasiri. Nimesikia dirishani. Justa amenilaza kwa mito mitatu. Padri amekuja na mafuta matakatifu. Nafasi ni yangu, imeshapimwa. Mzee Bujiku amenuna.

Uhuru wa kusema umeshinda! Haya yote yametokea bila mimi kuomba radhi kwa mtu.

Nimemwandikia Bi Chausiku kanuni mpya za ubao. Kila mtu ana haki ya kuandika lolote, mradi kwanza nilisome na kulirekebisha. Nimemwandikia pia Akida kwamba kwenye mazishi yangu asifungue mdomo. Amejibu kwamba mtani hazuiwi msibani, na ameshaanza kujifunza mwendo wangu ili auigize siku hiyo. Nimewasilisha malalamiko kwa balozi.

Jioni nimeanza hotuba ya kumsomea Scolastika. Miaka sita hajapata habari, na yako mambo mengi ambayo lazima ayaelewe vizuri. Nimefika ukurasa wa kumi na tisa. Nikifika kwake nitamsomea yote, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Justa aliuliza kama mama naye atakuwa na la kusema.

Nimemwambia nitaacha dakika tano mwishoni, kwa maswali.