Anwani Mpya Ziko Kabambare

Iliasi alikuwa ananunua kipande cha sabuni aliposikia Papa Zakaria akiitukana kompyuta ya duka. Mtu mwingine angelipa akaenda zake. Iliasi akairudisha sabuni mahali pake, taratibu, kama mtu aliyeitwa na wito.

Duka hilo la vitenge na sabuni, hapa Kasongo, lina mikono ya Zakaria na kichwa cha mke wake, Faridah. Faridah alikuwa amekwenda Salamabila kujifungua kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na bado alikuwa ndani ya arobaini. Kutoka kitandani alikuwa akiingia katika kompyuta ya duka kwa mtandao, akiona kioo chake chote, akiagiza mali. Kisha rezo ya Salamabila, yaani mtandao wa simu wa huko, ikabadilika, ikaanza kuzipa simu anwani za namna mpya, ndefu. Kompyuta ya duka ilizijua za zamani tu, ikamfungia mlango mwenye mali. Zakaria, peke yake, alikuwa ameshaagiza mikoba ya shule mwanzo wa likizo. Wiki moja zaidi, na duka lingekufa.

"Papa, anwani za zamani zimeisha duniani," Iliasi akasema kwa sauti ya msibani. Alikuwa amelisikia redioni, na ndilo neno la kweli pekee alilotamka siku hiyo.

"Zimeisha kabisa?"

"Kabisa. Za mupya ziko Kabambare, ofisini. Lazima mutu aende kuzikamata na moto ya nguvu. Kama ile yako." Akaionyesha kwa kidevu pikipiki iliyosimama mlangoni.

Msimcheke Zakaria. Sisi watu wa Kasongo tumelelewa sokoni, hakuna wa kutudanganya kwa chumvi wala kitenge. Lakini mtu akitaja kompyuta tu, tunafunua midomo kama vifaranga. Mimi ningempa pikipiki na kofia juu yake. Zakaria alifikiri kidogo, kisha tamaa ikamshika.

"Uniletee tatu. Moja ya duka, moja ya akiba. Na moja ya mutoto."

"Ya mutoto iko nyepesi," Iliasi akasema. "Haitasumbua njiani."

Ufunguo wa pikipiki ukatoka mfukoni. Hapo angeondoka, lakini mjanja wa kweli haonyeshi haraka, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Akaomba kwanza aitayarishe masini ile ya kompyuta ipokee wageni. Akaketi nyuma ya duka, akafungua mipangilio asiyoielewa, na kila kisanduku alichokikuta kitupu akakitia alama, kama mtu apandaye karanga. Akazima, akawasha. Zakaria alitazama kwa heshima, akarudi kwa wateja.

Simu ya Iliasi haikuwa na mega za intaneti. Akatumia kompyuta hiyo hiyo ya duka kumwandikia Moussa, mnunuzi wa pikipiki zisizoulizwa maswali, huko Salamabila: "Moto ya mujinga niko nayo. Bibi yake iko ndani ya arobaini, haone kitu."

Haone kitu! Mwanamke wa arobaini hapiki, hafagii, hatoki. Ana mtoto kifuani na macho mawili yasiyo na kazi. Tangu asubuhi Faridah alikuwa anaujaribu mlango ule kwa kidole kimoja, mtoto akinyonya. Na kisanduku kimojawapo, katika vile alivyopanda Iliasi, ndicho kilichoiruhusu kompyuta kupokea anwani mpya. Mlango ukafunguka.

Mshale kwenye kioo ukaondoka wenyewe. Iliasi akainua mikono yote miwili. Mshale ukaendelea. Herufi zikajiandika chini ya ujumbe wake:

"Aksanti, fundi, nimeingia. Ni miye bibi ya mujinga. Huyu Moussa ni mudogo wangu wa tumbo moja, amenishikia mutoto niandike vizuri. Moto utaileta huku. Ukipotea njia, Zakaria atasoma hii."

Iliasi akasoma dua yote anayoijua, yaani nusu.

Kisha Zakaria akapigiwa simu na mke wake, akamhadithia zile anwani tatu, akaambiwa fundi atapitia Salamabila, basi apakie beseni ya mtoto, vitenge na kuku wa arobaini. Akapakia kwa furaha, akamwombea safari njema.

Barabara ile mnaijua. Iliasi alifika na tope hadi kwenye nyusi, kuku wote salama, mwenyewe nusu. Moussa akapokea ufunguo bila swali, kama kawaida yake. Sauti ya Faridah ikatoka nyuma ya pazia:

"Fundi, na anwani ya mutoto iko wapi?"

Iliasi akatazama beseni, akatazama kuku, akatazama miguu yake iliyokuwa na safari yote ya kurudi.

"Ilikuwa nyepesi, mama," akasema. "Imepeperuka njiani."