Mstari Mpana kwa Ajili ya Dale Fearon

Jumatatu, 2 Septemba

Dale alikuja asubuhi kunieleza mwenyewe, kabla sijaisikia habari hiyo kwa watu dukani. Anastaafu raga. Jumapili ndiyo mechi yake ya mwisho. Goti limekataa. Alikunywa chai, akaosha vikombe, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia akiwa na miaka kumi na tisa, alipotoka Whitehaven na begi moja na klabu ikatuomba tumpangishe kwa msimu mmoja. Alikaa misimu sita. Kiti hakijapona.

Misimu kumi na sita safu ya mbele, na hajafunga trai hata moja, yaani hajawahi kuuweka mpira chini kwenye mstari wa mwisho wa wapinzani. Si kwamba hajui! Kazi yake ni kuingia na mpira katikati ya majitu, kuangushwa, kuinuka na kuingia tena, ili wembamba walioko pembeni wapate nafasi ya kukimbia na kushangiliwa. Kila siku ya mechi marehemu mke wangu Glenys alikuwa akimmiminia chai na kumwambia, "Leo ni leo, mwanangu." Haikuwa leo.

Glenys tulimzika Machi. Trai aliyoingojea kwa Dale lazima ipatikane Jumapili. Nimeanza mipango.

Jumanne, 3 Septemba

Nilimwendea kocha. Nikamshauri ampange Dale pembeni kabisa, wanakokimbia wepesi. Akaniuliza kwa upole kama nimemeza dawa zangu.

Kurudi nyumbani, Barrie Crowther ananisubiri ukutani. Barrie ni jirani yangu, ndiye anayeandika kijitabu cha mechi. Amechongesha kibao cha shaba cha kutundika klabuni: Dale ndiye mtu pekee aliyetuchezea zaidi ya mechi mia tatu bila trai. Anataka rekodi ibaki safi. Eti akifunga sasa atakuwa kama wengine wote.

Mtu wa ajabu. Ngazi yake iko kwenye banda langu tangu Krismasi. Itakaa huko huko.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda Ossley, mji wa wapinzani wetu. Mlinzi wao wa nyuma ni Lewis Pickersgill, siku za kazi ni fundi wa plasta. Nilimkuta akipiga plasta dari ya watu. Nikampa pai nzima ya nyama ya nguruwe, nikamweleza shida yangu: Dale akija mbele yake Jumapili, ateleze. Mara moja tu. Nyasi zina maji, nani atajua?

Aliila pai yote huko huko juu ya jukwaa. Kisha akasema Dale aliwahi kumvunja mbavu mbili katika skramu, pale safu mbili zinaposukumana kwa mabega, na kesho yake akamfuata hospitali na zabibu, akawa anamlisha moja moja kwa sababu hata kunyoosha mkono kulimuuma.

"Mtu kama yule humwachii njia kwa huruma, mzee," akaniambia. "Nitamkaba kwa nguvu zangu zote. Hiyo ndiyo heshima yake."

Nimerudi bila pai wala ahadi. Njia nzima nilikuwa nimefurahi, jambo lililonikera.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Hakuna wazo. Nimekumbuka jinsi Dale alivyokuwa akiingia jikoni kiubavu, na Glenys akimshona jezi ikiwa bado mwilini, akimwambia asipumue. Hakupumua kweli, masikini. Akawa mwekundu hadi masikioni.

Jumamosi, 7 Septemba

Wazo limekuja nikiwa nimeshika brashi! Mimi ndiye ninayejitolea kupaka mistari ya uwanja, mwaka wa ishirini sasa. Na sheria ni hii: mchezaji akigusisha mpira kwenye mstari wa trai, hata ukingoni, imehesabiwa. Basi mstari ukinenepa kuelekea uwanjani, safari ya Dale inafupika.

Uwanja wetu una mteremko. Manahodha wetu wote, tangu enzi za baba yangu, hupanda kipindi cha kwanza na kushuka cha pili, kuelekea upande wa duka la chipsi. Mwisho wa mechi, miguu imechoka, mteremko unasaidia. Kwa hiyo nimenenepesha upande wa chipsi peke yake. Ulikuwa upana wa kiganja. Sasa paka anaweza kuulalia akajinyoosha.

Barrie akapita, akauliza vipi. Nikamwambia ni maagizo ya makao makuu. Akayaandika.

Jumapili, 8 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Kwa heshima wamempa Dale unahodha wa siku. Akashinda sarafu. Akachagua tushuke kwanza, tupande kipindi cha pili! Haijawahi kutokea. Uwanja mzima ulinung'unika.

Kipindi cha kwanza Dale hakuukaribia mstari wangu. Alikuwa katikati, akifanya kazi yake. Kipindi cha pili ukawa wa Ossley kuushambulia. Pickersgill alikabwa, akaanguka hatua nzima kabla ya pale mstari unapostahili kuwa, akanyoosha mkono, mpira ukagusa chokaa yangu. Refa akapuliza: trai. Barrie akautazama mstari, kisha akanitazama mimi.

Dakika za mwisho tuko nyuma kwa pointi nne. Dale akapokea mpira, akaingia. Wa kwanza akamning'inia. Wa pili. Wa tatu ni Pickersgill, kwa nguvu zake zote kama alivyoahidi. Dale akawakokota wote kupanda kilima, akaanguka. Mpira ulibaki kiganja kimoja kutoka mstari mwembamba wa huko juu.

Hakulalamika. Akainuka, akausukuma mpira nyuma kwa unyayo kama alivyofanya maisha yake yote. Mwenzake akaudaka, akapita juu ya migongo ya watu: trai. Pointi nne, tukalingana; mpigaji wetu akaongeza mbili kwa teke. Tumeshinda. Wote wakamkimbilia mfungaji. Dale alibaki amekaa kwenye matope, anacheka. Pickersgill ndiye aliyempa mkono wa kumwinua, kisha timu zote mbili zikapanga mistari miwili na kumpigia makofi hadi akatoka.

Jumatatu, 9 Septemba

Dale amekuja kula. Mstari aliuona tangu Jumamosi, akiwa barabarani. Hakunikasirikia. Nikamuuliza, sasa kwa nini alichagua upande ule mwingine?

"Mama Glenys alikuwa akisimama kule juu, mzee Trevor. Nilitaka nimalize nikielekea kwake."

Nikajifanya natafuta chumvi.

Baadaye Barrie alileta kibao chake atuonyeshe, akalia kuliko sisi wote. Nimemrudishia ngazi. Nimeelewa sasa. Mtu aliyewabeba wenzake miaka kumi na sita hahitaji trai. Inatosha. Sipangi tena jambo lolote.

Ila Dale ametaja, wakati anavaa koti, kwamba majira ya kuchipua ataanza kuchezea timu ya wazee. Huko aliyefikisha miaka sitini huvaa kaptula nyekundu, na wenye nyekundu hairuhusiwi kuwaangusha. Unapita tu! Dale ana thelathini na tano. Lakini pua imevunjika mara nne, masikio yamekuwa kabeji, na anatembea kama kabati linalohamishwa. Nimemtazama vizuri pale mlangoni. Kinachokosekana ni mvi.

Kesho naenda kwa kinyozi kuulizia rangi.