Mashtaka Dhidi ya Mfenesi Wako

Kottayam, 3 Mei

Kwa Shemeji yangu mpendwa Joykutty, huko Kuwait,

Salamu nyingi kama mvua ya Juni. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo, na dada yako hasemi nami, lakini hilo tutalifikia. Ninaandika kwa heshima na taadhima kuushtaki mfenesi wako, ule ulio mbele ya banda la gari jekundu uliloniachia nilitunze. Najua tarehe kumi na sita unakuja likizo, na Jumapili yake unakwenda Pala kumtazama binti wa watu. Najua pia kwamba wakwe hutazama gari kwanza, bwana harusi baadaye. Ndiyo maana nalia mapema.

Mashtaka ni haya:

1. Mti huo umelimwagia gari utomvu kwa makusudi. Mbuzi wa mama hulala papo hapo chini, hana hata tone. Pikipiki ya padri ilisimama hapo kutwa, ikaondoka safi. Lakini gari lako, lo! Paa, boneti, vioo, kote madoa meusi yanayonata kama ulimbo. Huo si utomvu, shemeji, ni chuki.

2. Mti huo umenimalizia mafuta ya nazi. Nilisugua kama tunavyojipaka mikononi tukipasua fenesi. Nikamaliza chupa ya jikoni, kisha ile ya nywele za dada yako. Utomvu ulilainika, naapa! Ila vumbi likaganda juu ya mafuta, wakaja sisimizi, na nyuma yao kuku. Dada yako akatoka akaniuliza, "Baba Tessy, gari unaliosha au unalikaanga?" Kisha akaiona chupa yake, na tangu hapo kimya.

3. Mti huo umenipotezea akili. Kunjappan, anayetugemea mpira shambani, aliniambia, "Kaka Ouseph, dawa ya utomvu ni utomvu! Mwagia maziwa ya mpira, yakikauka unabandua tu." Nani angekataa? Tukamwaga ndoo mbili. Kesho yake tukabandua kipande kimoja kizima, hakina tundu, madoa yote yametoka nacho! Tulirukaruka kama watoto. Halafu tukaona kwamba na rangi imetoka nacho. Sasa ngozi hiyo nyekundu inaning'inia kambani, na Kunjappan anasema kwa miaka thelathini hajaona mpira mzuri hivyo. Boneti yako ni bati tupu.

4. Kwa hiyo mti huo umekuvunjia ndoa. Na mti unaovunja ndoa kabla haijafungwa, kesho utavunja nini? Nyumba? Kanisa? Naomba ruhusa yako ukatwe, mbao zake zichongwe kitanda, nawe uulalie miaka hamsini mpaka mti huo ushike adabu. Ukikosa mke, basi utajinyoosha kwa nafasi. Seremala ameshanoa msumeno, anasubiri neno lako tu.

Nisalimie wote unaoishi nao chumba kimoja, na yule wa Thrissur anayekoroma asisahaulike. Mama anakusalimu, Tessy anakusalimu, padri anakuombea.

Ni mimi shemeji yako, mnyenyekevu na mwenye uchungu,
Ouseph

Nyongeza: Dada yako ameisoma barua hii, na kimya kimekwisha. Anataka nieleze utomvu ulioko kwenye viti vya nyuma, maana mti haujui kufungua mlango. Haya, nasema. Niliangua mafenesi kumi na moja, nikayajaza garini, mengine nikayafunga juu ya paa na vikonyo vikichuruzika, nikayapeleka Pala kwa jina lako ili niwalainishe wakwe. Walikula wakasahau hata kunisindikiza. Gari hawakulitupia jicho. Na sasa hivi tu, nikitafuta bahasha, wameleta jibu: uje hata kwa miguu, ila baba wa binti anauliza kama mfenesi ule ni wenu kweli. Seremala nimemfukuza. Shemeji, usithubutu kuugusa mti huo!