Cheti cha Jovina na Mashine Isiyowaka

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimeiua mashine ya parokia, kompyuta ya ofisini ninayoitunza. Ndani yake yamo majina ya waliobatizwa, elfu kumi na moja. Asubuhi nilisasisha kerneli, kiini cha Linux, mfumo unaoiendesha, kisha nikaifuta ile ya zamani, inayoachwa kama akiba mpya ikigoma, kwa ajili ya usafi. Nikaiwasha upya. Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe: diski ya mfumo haionekani. Diski ziko mbili, zimeunganishwa kwa RAID, kila moja ni nakala ya mwenzake. Ndiyo maana sikuweka nakala popote pengine. Sasa hazionekani zote mbili. Vitabu vya karatasi viko jimboni, vinajalidiwa upya. Ulikuwa ushauri wangu.

Padri Celestini nimemwambia umeme ni mdogo. Katekista Novatus, ambaye hajawahi kuipenda mashine hii, alipita nyuma yetu akisema birika lake la umeme limechemka vizuri tu.

Jumatano, 11 Juni

Jovina wa Mabawe anafunga ndoa Jumamosi na Mhoja. Bila cheti chake cha ubatizo Padri hafungishi. Baba yake Mhoja, Mzee Bulugu, ameswaga ng'ombe kumi na wawili wa mahari kutoka Biharamulo, siku tatu njiani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alisema amesikia mashine inaumwa. Ndoa isipofungwa Jumamosi, ng'ombe wake wanaijua njia ya kurudi.

Jovina alisimama kando. Akanishukuru kwa kuhangaika. Heri angenitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango: nichape cheti mwenyewe. Jovina alibatizwa kweli. Ninachokosa ni namba yake ya kitabu cha ubatizo tu. Nikabuni: 2118. Nikachapa. Novatus akaiwahi karatasi kwenye printa, akaisoma taratibu, akasema 2118 ni namba yake yeye, anaijua kwa moyo tangu komunyo ya kwanza. Akauliza kama Jumamosi anaolewa yeye, ili akanyoe ndevu.

Nikasema najaribu wino. Karatasi nikaichana.

Ijumaa, 13 Juni

Niliiwasha mashine kwa flashi ya kusakinishia Linux. Nikaziunganisha diski kwa amri, nimefumba macho. Majina yamo. Yote. Kosa: faili la kuwashia la kerneli mpya halikubeba maelezo ya RAID, kwa sababu mwezi uliopita niliyafuta nikidhani ni takataka. Nikayaandika upya, nikalitengeneza faili upya, nikawasha. Giza. Nikaikodolea macho skrini.

Mzee Bulugu alikuwa mlangoni na fimbo yake. Aliniambia: binti, ng'ombe akizaa hatumkodolei macho hivyo, anazuia. Nikageukia ukuta.

Ikawaka. Namba ya Jovina ni 9306. Padri akasaini, akapiga muhuri.

Jumapili, 15 Juni

Ndoa imefungwa. Ng'ombe wamebaki Mabawe. Novatus anataka majina yote yanakiliwe kwenye flashi, aifungie kabatini. Nimekataa. Ni kuionyesha mashine kwamba hatuiamini.

Padri mmoja wa upande wa Nyakisasa, aliyekuja sherehani, amesikia sifa zangu. Nilimsimulia mwenyewe. Ameniomba kesho nikaiangalie mashine yao. Nikauliza ina tatizo gani. Akasema haina, inawaka kila asubuhi.

Nitaanza kwa kufuta kerneli zao za zamani.