Jibu Alilolificha Dk. Kemirembe

Jumatatu, 11 Novemba

Warsha ya walimu wa uongozi na usimamizi imeanza, hapa Nyakahanga. Tumetoka vyuo vya Karagwe na Kyerwa. Niliwahi ili nikae mbele. Hakuna mbele. Viti vimepangwa duara. Nikachagua kimoja kinachotazama mlango, nikakihesabu kuwa ndicho cha mbele.

Mwezeshaji ni Dk. Kemirembe kutoka Bukoba. Sauti ya chini, viatu vya kwendea shambani. Ametupa kisa. Chama cha wakulima kina gari moja. Meneja amemwahidi mwenyekiti gari hilo kwa harusi ya binti yake. Asubuhi ya harusi wingu limetanda, na kahawa ya wanachama imeanikwa mbali. Ikilowa imeharibika. Gari liende wapi?

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni Dk. akatushukuru, akakaa. Jibu hakutoa. Nikanyoosha mkono kuuliza jibu ni lipi. Akaniuliza mimi naona ni lipi. Mbinu hiyo naijua, huitumia nikisahau somo. Lakini huyu hana sura ya mtu aliyesahau. Analo. Kaliweka wapi?

Lazima nilijue. Ijumaa mkuu wetu wa chuo, Mwalimu Theoneste, anakuja kututazama mimi na mwenzangu Prudensia tukifundisha. Baada ya hapo atamteua mmoja wetu mkuu wa idara. Prudensia ni mdogo kwangu. Hunipa shikamoo kwa adabu inayonitia wasiwasi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemnunulia Protase, dereva wa Dk., sahani ya ndizi na nyama. Dereva husikia mengi. Nikasubiri ashibe, ndipo nikamuuliza kama mama huyu huwa anazungumzia harusi safarini. Akasema njia nzima kutoka Bukoba alikuwa akimuuliza yeye gari liende wapi.

"Nikamwambia nitazame breki kwanza," alisema. "Mvua, halafu milima hii, mwalimu."

Na Dk. alisemaje? Alisema asante.

Kumbe ni breki. Mchana nikasimama nikatangaza. Dk. Kemirembe alifurahi kweli, akasema hakuna aliyekuwa ameuliza hali ya gari lenyewe. Alitaka kujua wazo hilo nimelitoa wapi. Kwenye uzoefu, nikasema. Nikabaki nimesimama nisikie akithibitisha.

"Haya, tuseme breki ni nzima," akasema. "Sasa?"

Nikakaa.

Jumatano, 13 Novemba

Igizo. Nilitaka kuwa Meneja. Kura ikanipa mama wa bibi harusi. Meneja akawa Prudensia, bila shaka. Nikafungwa kanga.

Nilipanga kuigiza kivivu, ili umeneja wake usipate pa kuonekana. Lakini akanitazama akasema, "Mama, kahawa ni ya wanachama wote." Sijui kilichonipata. Nikamuuliza, "Na binti yangu ni wa nani?" Sauti ikanikatika. Nikasema wakwe wameshafika, na mwanangu hawezi kupita kwenye tope na shela kama mtu aliyeokotwa. Prudensia akanipa gari.

Dk. akauliza ninajisikiaje. Nikajibu nitajua nikishaambiwa kama Meneja amekosea au amepatia. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Kanga nimesahau kuivua mpaka nimefika ninapolala.

Alhamisi, 14 Novemba

Madarasa ya kesho yametangazwa, kisa ni kile kile cha gari. Mimi nitafundisha kikundi cha akina mama wakulima wa Nyakasimbi. Prudensia atapata madereva bodaboda wa Kanoni. Watamvuruga. Nimemwombea.

Jioni nikachukua pikipiki hadi Nyakasimbi. Mwenyekiti wao, Mama Xaveria, alikuwa akichambua maharage uani. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza kisa, akaita wenzake. Kwa kuwa jibu bado silijui, nimewagawia yote. Mmoja aseme harusi. Mmoja kahawa. Mmoja breki. Mmoja aseme waazime maturubai. Limejificha wapi hata mmoja wao asilikanyage? Nikawaambia wakiulizwa washangae kidogo kwanza.

Mama Xaveria aliuliza kwa nini nisiwaache waseme wanavyoona. Nikamwambia hiyo ni hatua ya juu.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi Dk. Kemirembe akasema tubadilishane madarasa. Mwalimu, alisema, hukutana na watu asiowatarajia.

Prudensia akasimama mbele ya akina mama wangu. Akawasalimu, akauliza habari za mvua huko kwao. Mama mmoja akainuka, akashangaa kidogo, akasema, "Gari liende kwenye kahawa."

"Gari gani, mama?" Prudensia akauliza.

"Lile la jana," Mama Xaveria akamsaidia. "La Mwalimu Winston. Huyu ni kahawa, mimi ni breki."

Mwalimu Theoneste alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nilitamani kuwa mtu wa chuo kingine.

Zamu yangu ikafika papo hapo. Nikawaeleza madereva kisa chote. Dereva mmoja, Sebahire, akauliza, "Na wewe mwalimu, ungefanyaje?" Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikasimama tu.

Mwingine akasema basi ngoja yeye aanze. Mwenzake akambishia. Wakauliza maharusi ni wangapi, kwani pikipiki hazitoshi? Mmoja akasema ahadi ni ahadi. Mwingine akasimulia alivyomwacha mgonjwa njiani ili awahi ahadi ya abiria mwingine, akainamisha kichwa. Nilijikuta nimekaa katikati yao, nataka kweli kujua nani atasema nini. Jibu la Dk. sikulikumbuka kabisa.

Prudensia ndiye mkuu wa idara. Mwalimu Theoneste alinishika mkono, akasema hajapata kuniona nikifundisha vizuri kama leo niliponyamaza. Dk. Kemirembe akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Nimelipata.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimewafundisha mwaka wa pili mada mpya: Kunyamaza kwa Mwezeshaji. Maana yake, aina zake, faida na hasara. Nimeongea vipindi vyote viwili, nao wakaandika. Mkuu wa idara alipita dirishani, akasimama, akaondoka. Wivu.

Kwenye faida, kijana aitwaye Ainebyona akauliza: mwalimu akinyamaza, nani anaongea? Nikamwambia maswali ni mwishoni. Akauliza mwisho ni lini. Nikamtoa nje.

Mwishoni nikauliza kama kuna mwenye swali. Hakukuwa na hata mmoja. Aliyekuwa nalo nilikuwa nimeshamtoa nje.